Chumba Tofauti Kila Siku

Kasoro ya kwanza ilikuwa pazia.

Jumatatu mume wangu alinipigia simu ya video, nyuma yake pazia la buluu. Jumanne pazia lilikuwa la rangi ya maziwa lenye mistari. Jumatano hapakuwa na pazia kabisa, palikuwa na ukuta mtupu na picha ya ndege mwekundu. Mtu mmoja, meli moja, wiki moja, vyumba vitatu. Mwingine angesema, aah, meli ni kubwa. Mimi nilichukua kalamu.

Niseme mapema ili tusije tukalaumiana: kazi yangu ni kutoamini. Niko kiwanda cha mashati, meza ya mwisho kabla ya pasi, chini ya taa nyeupe. Shati likishapita mikononi mwa watu kumi na saba linafika kwangu. Naligeuza ndani nje, navuta mishono, nahesabu vifungo, napitisha kidole kwenye kola. Nikiona kosa nabandika kimshale chekundu cha karatasi, shati linarudi lilikotoka. Mwaka wa kumi na mmoja huu. Washonaji wananiita Mama Mshale wakidhani sisikii. Na kama kuna jambo nimejifunza pale mezani, ni hili: usimuulize fundi kama amekosea. Ukimuuliza atakwambia cherehani ina jini. Wewe nyamaza, kusanya. Kosa moja ni bahati mbaya, makosa matatu yana mwenyewe.

Mume wangu, Baba Pacha, ni fundi bomba kwenye meli ya kitalii, ile ya ghorofa kumi na nne yenye mabwawa ya kuogelea na ukumbi wa maonyesho, ambayo watu huipanda ili wazungushwe baharini na kurudishwa palepale walipopandia. Ugonjwa ulipoingia duniani safari zikasimamishwa. Abiria walishushwa, wafanyakazi wakarudishwa makwao kundi kwa kundi, na meli ikapelekwa kwenye ghuba ya nchi ya mbali, ikatia nanga pamoja na nyingine sita. Maisha yangu yote sikuwahi kujiuliza meli kama hizo huenda wapi zikikosa kazi. Kumbe nazo hukaa tu, zinatazamana, huku ndani wamebaki watu wachache wa kuzitunza. Kwenye ile yetu walibaki themanini, na mmoja wao ni wangu.

"Meli haizimwi kama taa," aliniambia mwanzoni. "Ukiiacha inaoza. Lazima wabaki watu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka itakapojulikana."

Mkataba wake ulikuwa wa miezi saba. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na tano. Pacha, aliowaacha wakitambaa, walikuwa wakikimbia na kugombana, na mmoja wao alikuwa akiiona simu tu anaiita "baba", hata ikiwa imezimwa. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, na nakisema waziwazi: kama bado nina mume, au nimebakiwa na sauti.

Alhamisi nikasikia maji. Nyuma ya Baba Pacha palikuwa na mlango wa bafu, nusu wazi, na ndani yake bomba la mvua limefunguliwa mpaka mwisho. Yeye mwenyewe amekaa pembeni ya kitanda kisicho na shuka, amevaa sare ya kazi, mkavu kama ukuni. Sasa kama yeye yuko hapa, mkavu, anayeoga ni nani?

"Maji gani hayo?" niliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama huko kuna jua.

"Bomba tu," akasema. "Pacha wamekula?"

Bomba tu! Fundi bomba anakujibu bomba tu. Ni kama mimi niulizwe nimeshika nini niseme nguo. Nikaandika: maji, Alhamisi, muda wote wa maongezi.

Halafu ukaja muda wenyewe. Zamani, meli ilipokuwa ikitembea, alikuwa akinipigia kutoka bandarini tunaongea mpaka salio linakata, na likikata anatafuta lingine. Sasa ananipigia kila siku saa saba mchana, wakati wangu wa mapumziko, na tunaongea dakika tano. Nilipima kwa saa ya ukutani ya kiwanda. Tano, hazizidi wala hazipungui. Ghafla anatazama mkononi, anasema, "Haya Mama Pacha, acha niende," anainuka, na kabla picha haijakatika namwona anaelekea bafuni. Siku tisa mfululizo nilimwona akielekea bafuni.

Kazini nina mwenzangu tunayemwita Mpiga Pasi. Ndiyo kazi yake na ndivyo alivyo, jambo lenye mkunjo haliwezi kupita mbele yake bila kunyooshwa. Nilimwonyesha karatasi yangu. Aliisoma mara mbili, akavuta kiti.

"Kuna kitu kwenye simu kinaonyesha meli zote duniani," akasema. "Unaandika jina, inatokea."

Ikatokea. Kidoti cha kijani kwenye ghuba, kati ya vidoti vingine sita. Tuliitazama siku nyingi. Ilikuwa inazunguka nanga yake, leo imeelekea huku, kesho kule, kama mbuzi aliyefungwa kambani. Nilianza kuizoea, hata nikaanza kuionea huruma. Kisha siku moja asubuhi Mpiga Pasi akaja mezani kwangu, simu mkononi, uso umemkauka.

"Mwenzangu, ya kwenu imetoka."

Kweli, kidoti kilikuwa katikati ya bahari, nyuma yake kimeacha mstari mrefu. Saa saba Baba Pacha akapiga. Pazia la kijani safari hii.

"Mko wapi?" nikamuuliza.

"Si palepale. Tutakuwa wapi tena?"

Mimi naitazama "palepale" yao iko maili thelathini kutoka palepale. Nilimuuliza kama amekula, akasema amekula, dakika tano zikaisha.

"Lisemwalo lipo," Mpiga Pasi alisema huku akifunga simu yake. "Kama halipo, laja."

"Kwani nani kasema?"

"Mimi ndiyo nasema sasa."

Nyumbani nilikuwa na mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ndiye anayelea pacha nikiwa kazini. Ni mtu mwema, na sina kesi naye, lakini hata yeye alikuwa ameanza kunitia shaka. Ana simu yake ndogo ya vitufe. Mwanawe akimpigia alikuwa anapokelea sebuleni, anapaza sauti mpaka majirani wanajua habari zetu. Siku hizi simu ikilia anatoka nayo uani, anasimama karibu na kamba ya nguo, anaongea chini. Nikitokea anasema, "Haya mwanangu, tutaongea," na anaanza kuanua nguo ambazo bado zina maji. Hilo pia nililiandika, ingawa mkono ulisita.

Wiki iliyofuata mwanamke akaimba.

Nilikuwa nimekaa nje ya ghala, kwenye marundo ya makaratasi ya kufungashia, sahani mapajani. Baba Pacha ananieleza habari za mvua. Maji yanamwagika bafuni kama kawaida. Ndani ya yale maji ikatoka sauti ya kike, nyembamba, tamu, sauti ya mtu aliyefundishwa kuimba, kwa lugha nisiyoijua. Baba Pacha hakushtuka. Ubeti ulipoisha akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyezoea.

"Nani huyo?"

"Mwenzangu wa kazi."

"Yuko bafuni?"

"Ndiyo, anamalizia."

Anamalizia! Nilikata simu. Nikaenda choo cha wanawake nikalia, nikanawa, nikarudi chini ya taa. Siku ile nilirudisha mashati mia mbili na arobaini, mengine hayakuwa na kosa lolote. Msimamizi alikuja kuniuliza nina nini. Nikamwambia uzi ni mbovu.

Sikupokea tena simu yake siku hiyo, wala kesho yake, wala wiki ile nzima, wala iliyofuata. Saa saba inalia, naigeuza kifudifudi, inatetemeka mezani mpaka inachoka. Pacha nikawaambia baba ana kazi nyingi. Mama mkwe alinitazama lakini hakuuliza. Moyoni nilikuwa nimeshaandika talaka yangu kwa herufi kubwa. Kilichonikera zaidi ni kwamba bado saa saba ilipokaribia nilikuwa naweka simu karibu.

Jumapili ya tatu ikabishwa hodi. Alikuwa mpishi, jirani yetu wa mitaa miwili mbele, ambaye alikuwa kwenye meli ileile na alirudishwa kwa ndege wiki moja kabla. Ni mtu mnene mwenye kicheko kinachofika kabla yake. Alikuwa amebeba kifurushi. Mama mkwe akamkaribisha, akamwekea chai. Pacha wakamkalia miguuni.

"Shemeji," akasema, "mbona umemgomea mwenzio? Kule hali hata chakula vizuri."

"Hana wa kumpikia? Si anaye wa kumwimbia?"

Mpishi aliweka kikombe chini. Alinitazama, akamtazama mama mkwe, akanitazama tena. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka pacha nao wakacheka bila kujua wanachekea nini, akajifuta machozi kwa kiganja, akataka kusema, akacheka tena. Nusura nimmwagie ile chai.

"Shemeji," akasema alipopata pumzi, "meli ile ina vyumba elfu moja na mia moja. Kila chumba kina sinki, bomba la mvua na choo. Sawa? Maji yakilala ndani ya bomba siku nyingi bila kutumika yanazaa vijidudu, vinaleta homa ya mapafu. Kwa hiyo kila wiki, kila chumba, lazima mtu aingie. Afungue maji ya moto na ya baridi, avute choo, asubiri dakika tano, afunge, atie sahihi karatasi ya mlangoni, aende kinachofuata. Abiria hayupo, lakini chumba chake kinaogeshwa! Ukimaliza cha mwisho, cha kwanza zamu yake imeshafika. Ndiyo kazi ya Baba Pacha mwaka mzima. Anakupigia akiwa anasubiri maji."

Niliona mapazia yote yakipita mbele yangu, moja baada ya jingine.

"Na mwimbaji?"

"Si yule binti wa maonyesho ya ukumbini, anayeimba na kucheza! Kwao wamefunga mipaka, hana pa kwenda. Waliobaki wote tulipewa mabomba, mimi, mpiga piano, yeye, wote. Yeye hana saa, anapima dakika tano kwa wimbo. Beti sita, anafunga maji. Ni mdogo kama binti yangu wa pili, na mumeo anamwita babu."

"Babu?"

"Ana mvi, shemeji. Hujamwona kwa karibu."

"Na mlipotoka ghubani mkaenda bahari kuu?"

"Kumwaga maji machafu na kutengeneza safi. Ghubani ni marufuku. Tunatoka asubuhi jioni tumerudi, hata sisi hatuiti safari. Nani kakwambia tulitoka?"

Niliona aibu kuanzia nyayo, na chini ya aibu kulikuwa na furaha kubwa mno, ya kipumbavu, mpaka nikaanza kucheka mimi pia. Mama Mshale nimekamata shati zima nikalirudisha! Nilijiona nikimpigia kesho saa saba, nikimwomba msamaha, nikimwambia aniimbie basi na mimi. Nikafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na makoti mawili madogo ya mvua, ya njano. Nilimvalisha mmoja wa pacha. Mkono haukupita. Yalikuwa ya watoto wa mwaka mmoja.

"Alinunua zamani," mpishi akasema haraka. "Kwenye bandari ya mwisho. Hakujua wangekua hivi. Na mimi nilimwambia, ndugu yangu, panda ndege hii twende wote, makoti utayapeleka mwenyewe. Akasema nendeni, wapo wenye shida kuliko mimi. Maneno yaleyale aliyosema ile ya kwanza na ile ya..."

Pacha alikuwa bado ameinua mkono mmoja, koti limemkwama begani.

"Ndege ngapi?" nikauliza.

Mpishi alimtazama mama mkwe. Ni mtazamo mdogo sana, lakini mimi naishi kwa vitu vidogo. Mama mkwe alikuwa ameinuka, anakusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

"Tatu," mpishi akasema, safari hii bila kucheka. "Nilidhani unajua, shemeji."

Alipoondoka nilimfuata mama mkwe jikoni. Alikuwa ananipa mgongo, anaosha kikombe kilekile.

"Mama, ulijua."

"Aliniambia."

"Lini?"

"Ya pili ilipopita." Akafunga maji. "Mwanangu, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Atarudi. Atakwenda wapi?"

"Sikuulizi kama atarudi. Nauliza kwa nini harudi."

"Hilo muulize mwenyewe." Akageuka, akafuta mikono kwenye kanga. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Na ukimuuliza, muulize kama mtu. Usimuulize kama shati."

Usiku ule nilichana karatasi yangu ya mapazia. Haikuwa na kazi tena. Shaka yangu ya kwanza ilikuwa na umbo, ilikuwa na sauti nyembamba na nywele ndefu, niliweza kuigombeza nikiwa napiga mswaki. Hii mpya haikuwa na sura. Mtu ana njia ya kurudi nyumbani, anaulizwa mara tatu unataka, na mara tatu anasema wengine watangulie. Nani anafanya hivyo kama hakuna anayemshikilia?

Jumatatu saa saba nilipiga mimi. Nilikuwa palepale nyuma ya ghala, jenereta inanguruma upande wa pili wa ukuta. Alipokea kabla simu haijalia mara ya pili. Alikuwa kwenye chumba kisicho na dirisha, maji yanamwagika nyuma yake. Nilimwangalia vizuri, na kweli, kichwa kilikuwa na mvi.

"Umepokea!" akasema.

"Nimepiga."

"Ndiyo. Umepiga." Alikuwa anatabasamu mpaka masikioni, akanifanya nione tabu kuanza.

"Mpishi alikuja jana."

"Ah. Makoti yamewatosha?"

"Hata mkono haukupita."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Nikajikaza.

"Ndege tatu," nikasema.

Aliangalia pembeni. Maji yaliendelea. Katika miaka tisa ya ndoa sikuwahi kumwona mume wangu akikosa pa kuweka macho.

"Niliogopa kupoteza nafasi yangu," akasema.

"Mpishi kapoteza?"

"Hapana."

"Basi jaribu jibu lingine."

"Unaona sasa?" Hakupaza sauti. "Hivyo ndivyo."

"Hivyo ndivyo nini?"

Alikaa sawa kwenye godoro tupu, akashusha simu kidogo, nikawa namwona kuanzia kidevuni kwenda chini. Nadhani ilikuwa rahisi kwake kusema hivyo.

"Huku naamka asubuhi, naingia chumba kimoja. Nafungua bomba. Nakaa dakika tano. Hakuna anayeniuliza kitu. Nafunga, naingia kingine, nakaa tena. Mama Pacha, mimi tangu nina miaka kumi na sita, tangu baba afariki, sijawahi kukaa dakika tano bila mtu kuniuliza kitu. Mama ananiuliza. Wadogo zangu wananiuliza. Nikija nyumbani likizo, nikiingia tu mlangoni unanitazama kuanzia kola mpaka kiatu. Nikichelewa unajua kabla sijaeleza. Nikinyamaza unataka kujua nanyamazia nini. Sikulaumu, ndivyo ulivyo, nilikuoa nikijua. Lakini huku nimepumzika. Ndege ya kwanza nikasema acha nipumzike kidogo tu. Ya pili niliona haya kukwambia kuwa nilikataa ya kwanza. Ya tatu..." Akafuta kiganja gotini. "Ya tatu sikufikiri hata."

"Kwa hiyo hakuna mwanamke," nikasema. Ndilo lililonitoka.

"Mwanamke gani?"

Mungu wangu, wakati ule ningempokea huyo mwanamke kwa mikono miwili. Mwanamke ningemweza. Ningemtukana, ningemwita majina yote mbele ya Mpiga Pasi, ningemwapiza mpaka wimbo umkwame kooni. Lakini chumba kitupu chenye kitanda kisicho na shuka, unakitukanaje? Nilikuwa nimeshindwa na dakika tano za kukaa bila mimi.

Muda wake ulikuwa umepita. Hakutazama mkononi. Aliinuka, akaingia bafuni, nikasikia maji yakikatika, akarudi, akakaa. Niliziba sikio moja kwa kiganja kuzuia jenereta, nikabana simu kwenye jingine. Upande wake hapakuwa na sauti yoyote. Hapakuwa na mtoto, wala mlango, wala mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Kilikuwa kimya kizuri, na ndicho kilichoniuma. Ningeweza kukaa ndani yake mwaka mzima.

"Na mimi?" nikasema.

"Wewe nini?"

"Mimi nipumzike wapi? Nikitoka hapa kuna pacha. Pacha wakilala kuna mama yako. Mama yako akilala kuna mimi mwenyewe na kalamu. Wewe umepata vyumba elfu moja na mia moja. Mimi nilipewa kipi?"

Hakujibu. Namshukuru kwa hilo, maana angejibu lolote ningelibandika mshale.

Baadaye sana, au niliona ni baadaye, akasema, "Ijumaa kuna ndege ya nne. Majina yanafungwa saa sita mchana, saa za huko kwenu."

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu zile tatu sikukwambia."

"Unataka nikwambie uandike."

"Nataka uniambie unachotaka wewe."

"Nataka urudi," nikasema, "lakini usirudi kwa sababu nimekukamata. Mtu aliyekamatwa namjua, namwona kila siku. Anakusahihishia kola, anakuachia kwapa."

Alicheka. Kilikuwa kicheko chake hasa, kile cha bandarini.

"Nikirudi utaniuliza maswali," akasema.

Nilitaka kusema sitauliza. Ingekuwa rahisi, na ingekuwa uongo wa kwanza kwenye karatasi mpya.

"Nitakuuliza. Nitajizuia nikiweza. Lakini nitakuuliza."

"Sawa," akasema. Sikujua sawa ya nini.

Siku nne zile nilifanya kazi vibaya. Niliachia mashati mawili yenye vifungo vya rangi tofauti, na Mpiga Pasi akayakamata yeye, akayarudisha kwangu bila maneno, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alitaka kujua habari ya yule mwimbaji imeishia wapi. Nikamwambia ni mtoto mdogo, anafungua mabomba. Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mke aliyekubali kudanganywa. Jioni nilimkuta mama mkwe amewavalisha pacha makoti ya njano baada ya kukata mikono yake na kuyafanya vizibao. Hatukuongea juu ya Ijumaa. Alikuwa anapokelea simu sebuleni tena, lakini mwanawe hakumpigia.

Ijumaa saa sita ikapita nikiwa mezani. Niliitazama mishale ya saa ikikutana na kuachana. Saa saba nikaenda nyuma ya ghala, nikasimama, sikuweza kukaa. Simu ikalia.

Alikuwa chumbani kwake mwenyewe, kile cha wafanyakazi. Nilikitambua kwa picha ya pacha ukutani. Hapakuwa na maji yanayomwagika. Nyuma yake, juu ya kitanda, kulikuwa na sanduku, limefungwa.

"Nimeandika," akasema.

Maswali yalinijia kinywani yote kwa pamoja. Umeandika saa ngapi? Ulikuwa wa kwanza kwenye orodha au wa mwisho? Ndege inaondoka lini? Sanduku mbona halijatuna, lina kitu ndani au limewekwa hapo nilione? Na swali moja la chini kabisa, ambalo ndilo lililoyabeba hayo mengine: unataka? Niliyameza moja moja, kavu, bila maji.

"Karibu nyumbani," nikasema.

Alichelewa kujibu. Si sana, pumzi moja tu. Mtu mwingine asingegundua.

"Asante," akasema.